Uchoraji wa Rangi za Chaki: Kazi Inayomfaa Askari

Maaskari wa jeshi na wa polisi, nyinyi mlioko kambini na nyinyi mlioko katika vituo vya mbali: leo twaomba kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo si bunduki wala gwaride, ila linataka nidhamu ileile. Jambo hilo ni uchoraji wa picha kwa rangi za chaki, ambazo wachoraji huziita pasteli. Huenda mtu akasema kwamba kuchora ni mchezo wa watoto wa shule, au ni kazi ya mtu asiye na zamu. Kabla hajakata shauri hilo, twamwomba asikilize kwanza habari iliyotupata sisi wenyewe.

Katika kambi moja tuliyopata kutumikia palikuwa na koplo aliyejaliwa kipawa cha kuchora. Kila Jumamosi, baada ya ukaguzi, alikaa chini ya mwembe na kisanduku chake cha chaki akachora nyuso za wenzake. Mmoja wa hao waliochorwa alikuwa askari kijana, ambaye miezi michache baadaye alifariki katika ajali ya gari akiwa kazini. Tulipotumwa kwenda kuwapa pole wazazi wake, tuliona vyema tumchukulie mama yake picha ile, kwa kuwa tulisikia kwamba nyumbani hapakuwa na picha ya kijana huyo hata moja tangu aingie jeshini. Tukaikunja kama tunavyokunja ramani, tukaitia katika begi, tukasafiri kutwa nzima nyuma ya lori katika barabara ya mashimo.

Tulipoikunjua mbele ya wazee, uso haukuwapo. Palikuwa na doa la kahawia juu ya doa la kijani, na vumbi la rangi likatumwagikia miguuni. Mama yule hakutukaripia. Aliitazama karatasi kwa muda, kisha akauliza kwa upole: "Wanangu, mwenzenu yuko wapi hapa?" Hatukuwa na la kumjibu.

Kosa halikuwa la koplo, wala halikuwa la barabara. Lilikuwa letu, kwa sababu hatukujua kitu tulichokuwa tumekabidhiwa. Tangu siku hiyo tulijifunza kwa koplo yule, na kwa wengine waliosomea kazi hii, na hayo tuliyojifunza ndiyo tunayowaleteeni leo.

RANGI HIZI NI NINI

Chaki ya pasteli ni unga wa rangi uliochanganywa na chokaa laini au udongo mweupe, ukafungwa kwa gundi kidogo mno, ukafinyangwa vijiti na kukaushwa. Gundi hiyo ni ya kutosha tu kuufanya unga usimame kama kijiti. Ndiyo maana rangi zake hung'aa kuliko rangi nyingine nyingi: hapana mafuta wala vanishi kati ya jicho na unga wenyewe. Na ndiyo maana vilevile rangi hizo ni dhaifu. Hazikauki zikawa ngozi ngumu kama rangi ya mafuta. Hukaa juu ya karatasi kama vumbi likaavyo juu ya jani la mgomba kando ya barabara, na mkono mmoja wa haraka waweza kuliondoa lote.

Pasiwe na kuchanganya hapa. Ziko chaki nyingine za mafuta, ambazo watoto hutumia shuleni. Hizo hunata na hazitoi vumbi, na masharti yake ni mbali. Chaki ya ubaoni nayo si pasteli, ingawa yafaa kwa mazoezi ya mkono.

Katika Ulaya kazi hii ilipata heshima kubwa katika karne ya 18. Mwanamke mmoja wa mji wa Venice, Rosalba Carriera, alisifiwa sana kwa nyuso alizozichora hivi, hata akapokelewa katika chuo cha kifalme cha wachoraji mjini Paris mwaka 1720. Baada yake alivuma Maurice Quentin de La Tour, mwenyeji wa mji wa Saint-Quentin, aliyezaliwa mwaka 1704. Picha yake ya Madame de Pompadour, iliyoonyeshwa mwaka 1755, ina urefu wa karibu mita moja na robo tatu, nayo karibu yote ni ya vumbi la rangi. Ipo hata leo katika jumba la Louvre. Basi ikiwa vumbi limeweza kudumu zaidi ya miaka 250, ni dhahiri kwamba udhaifu wake si kifo, mradi mlinzi wake ajue wajibu wake.

WALIOVAA MAGWANDA WAKACHORA

Asidhani mtu kwamba kazi hii haikupata kuguswa na watu wa bunduki. Edgar Degas, ambaye watu wengi humtaja kuwa bingwa wa pasteli, alijiunga na walinzi wa taifa mjini Paris mwaka 1870, wakati Ufaransa ilipopigana na Prussia. Katika mazoezi ya kulenga shabaha ndipo ilipogundulika kwamba jicho lake la kulia lilikuwa na kasoro. Akapelekwa upande wa mizinga. Macho hayo yalimsumbua maisha yake yote, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo alivyozidi kutumia pasteli. Aliweka tabaka juu ya tabaka, akilishikiza tabaka la chini kwa dawa kabla ya kuongeza la juu. Mtu ambaye hakuweza kutegemea jicho moja alitufundisha sote namna ya kutazama.

Wa pili ni Eric Kennington, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1888. Huyu aliingia jeshini kama askari wa kawaida mwaka 1914, akapelekwa Ufaransa, akajeruhiwa mwanzoni mwa mwaka 1915, na mwaka huohuo akaruhusiwa kuondoka jeshini. Baadaye serikali yake ilimrudisha vitani kama mchoraji, na katika vita vya mwaka 1939 hadi 1945 alichora kwa pasteli nyuso nyingi za mabaharia, marubani na askari wa nchi kavu. Sifa yake moja ndiyo inayotugusa. Hakuwachora majenerali peke yao. Alimketisha mbele yake askari wa cheo cha chini, akamtazama kwa bidii ileile. Alijua jambo ambalo kila aliyepata kulala handakini hulijua, kwamba jeshi ni watu, na kila mtu ana uso wake.

VIFAA

Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Askari asingoje kisanduku cha chaki mia moja ndipo aanze. Chaki kumi au kumi na mbili zatosha: nyeupe, ya manjano ya udongo, nyekundu ya udongo, kahawia mbili, kijani mbili, buluu mbili, zambarau na nyeusi. Ziwepo ngumu kidogo kwa mistari ya mwanzo, na laini kwa mwisho.

Karatasi ndiyo silaha ya pili. Karatasi laini inayoteleza haifai, kwa kuwa vumbi halina pa kushika. Yatakiwa iwe na ukwaru. Karatasi ya kahawia ya kufungia mizigo yafaa kwa mazoezi, ingawa baada ya miaka huchakaa na kukatika, kwa hiyo kazi ya kudumu isifanywe juu yake. Wachoraji wengi hupenda msasa mwembamba, kama ule wa namba 400, kwa sababu hushika tabaka nyingi. Lakini anayetumia msasa asisugue kwa kidole, asije akachubuka ngozi bila kujua.

Karatasi yenye rangi yake, kama ya kijivu au ya udongo, ni bora kuliko nyeupe. Rangi ya karatasi hufanya nusu ya kazi: mahali pa kivuli cha kadiri mchoraji huiacha wazi, akaweka giza na mwanga tu.

Chaki zikichafuliana, zitiwe katika kopo lenye mchele mkavu, litikiswe kidogo, nazo zitatoka safi. Mchele huo usirudishwe jikoni kamwe. Tunalisema hili kwa sababu tumepata kuliona likijaribiwa.

MPANGO WA KAZI

Kuchora kwa pasteli ni kama kupanga doria: anayeingia bila mpango hupotea njiani.

Kwanza, simamisha ubao wima, au uinamishe mbele kidogo, ili vumbi lianguke chini badala ya kukaa juu ya picha. Chini ya ubao kunja kipande cha karatasi kama mfereji kilipokee. Kaa mahali ambapo mwanga waja kutoka upande mmoja tu.

Pili, tazama kabla ya kushika chaki. Finya macho kidogo mpaka vitu vidogo vipotee, ubaki na mahali pa giza, mahali pa kadiri na mahali pa mwanga. Mtu asiyeweza kuyaona haya matatu hawezi kuchora, hata awe na chaki za dhahabu.

Tatu, weka alama za mwanzo kwa chaki ngumu au kaa, kwa mkono mwepesi. Pima kwa kunyoosha mkono na kijiti, kama tufanyavyo tunapokadiria umbali. Mara nyingi macho ya mtu mzima yako karibu katikati ya kichwa, si juu kama wengi wadhaniavyo.

Nne, anza na giza, uende kwenye mwanga. Laza chaki kwa ubavu wake ufunike mahali pakubwa, wala usijaze ukwaru wote wa karatasi, kwa maana ukijaa mapema hapana rangi nyingine itakayoshika. Haba na haba hujaza kibaba. Tabaka jepesi juu ya jepesi ndilo linalotoa kina.

Tano, usisugue mno. Anayeanza hupenda kulainisha kila kitu kwa kidole, kwa sababu mara ya kwanza hupendeza. Chovya chovya humaliza buyu la asali: kila msuguo huondoa mng'ao, na mwisho picha huwa kama uso wa mtu aliyejipaka majivu. Sugua mwanzoni, katika tabaka la chini, kisha uache. Mistari ya juu ibaki kama ilivyowekwa, ikiingiliana, nayo macho ya mtazamaji yataichanganya yenyewe.

Sita, mwanga mkali kabisa uje mwisho, na uwe mdogo: nukta katika jicho, mstari katika paji la uso, mng'ao wa kifungo. Ukishauweka, weka chaki chini.

Iwapo umekosea, usifute kwa raba, kwa kuwa raba huzamisha vumbi katika karatasi. Kwangua kwa brashi ngumu, gonga ubao kutoka nyuma vumbi lianguke, uanze upya mahali hapo.

USO WETU NA RANGI ZAKE

Hapa yatupasa kusema jambo ambalo vitabu vingi vya kigeni hulipita. Vitabu hivyo vilimfundisha mchoraji kuchanganya waridi na manjano ili apate ngozi. Askari wetu akivifuata, humgeuza mwenzake kuwa mtu mwingine. Na akiviacha akachukua chaki nyeusi peke yake, humgeuza kuwa kivuli.

Ngozi nyeusi si nyeusi. Mtazame mwenzako saa mbili za asubuhi, akiwa amesimama zamu. Katika paji la uso na juu ya shavu yamo mambo ya mbingu: buluu hafifu, hata kijivu. Upande wa kivuli wamo wekundu wa udongo uliorushwa na ardhi. Chini ya taya ipo zambarau, na katika sikio lililopigwa na jua kutoka nyuma yamo machungwa mekundu kama kaa la moto. Basi weka kwanza kahawia iliyoiva, pitisha zambarau au buluu nzito penye kivuli, kisha nyekundu ya udongo katikati, na mwishoni buluu nyepesi penye mng'ao. Chaki nyeusi iwe ya ndani ya tundu la pua na mboni ya jicho, basi.

Vivyo hivyo kwa sare. Kijani cha sare iliyofuliwa mara hamsini si kijani cha dukani. Kina manjano begani palipochujuka, kahawia kiwikoni, na kijivu kwenye kola. Mchoraji akiyaona hayo, amemwona mtu aliyeivaa.

FAIDA KWA MPELELEZI

Ndugu zetu wa polisi wana sababu ya pekee ya kujifunza. Kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1925, katika mahakama za Uingereza na Wales mchoraji hakatazwi kutazama, bali hukatazwa kuchora ndani ya mahakama. Hukaa akitazama, huandika maneno machache, kisha hutoka nje akamchora mshtakiwa na hakimu kwa kumbukumbu. Na wengi wao hutumia pasteli, kwa kuwa ni nyepesi kubeba na haingojewi ikauke.

Hilo ni zoezi ambalo kila polisi aweza kulifanya bila gharama. Mtazame mtu kwa dakika moja, geuka, umchore. Kisha geuka tena ulinganishe. Mara ya kwanza utaona aibu: utakuwa umechora pua unayodhania watu wote wanayo. Baada ya mwezi mmoja utaanza kuona pua ya mtu huyu. Hatusemi kwamba picha ni ushahidi ulio kamili, kwa maana kumbukumbu ya binadamu hudanganya hata anapoapa. Mchoraji hulijua hilo zaidi ya wengine, kwa kuwa kila siku karatasi yamwonyesha alivyodanganyika. Askari aliyezoea kusahihishwa hivyo huwa mwangalifu anaponyoosha kidole na kusema, "Ni yule."

ULINZI WA PICHA NA WA AFYA

Sasa twafika kwenye jambo lililotuaibisha. Picha ya pasteli haikunjwi, wala haizungushwi kama mkeka. Ikiwa itasafiri, ilazwe juu ya ubao, uso juu, ifunikwe kwa karatasi laini iliyobandikwa pembeni isiteleze, kisha uwekwe ubao mwingine juu na kufungwa kwa kamba. Anayeibeba aibebe ikiwa imelala.

Ipo dawa ya kushikiza rangi, ambayo hupulizwa kama ukungu. Ipulizwe nje, kwa mbali, mara chache na kwa wepesi, kwa kuwa ikizidi hutia giza hasa rangi za mwanga. Wala mtu asidanganyike: hupunguza tu hatari, haiiondoi.

Ulinzi wa kweli ni kioo. Kati ya picha na kioo pawe na nafasi, kwa kuweka kadibodi nene iliyokatwa dirisha, ili vumbi lisiguse kioo na unyevu usikusanyike. Kiwe kioo hasa, si plastiki, kwa sababu plastiki ikifutwa hupata umeme unaovuta vumbi la rangi. Isitundikwe penye jua kali wala kwenye ukuta unaotoka jasho wakati wa mvua, maana ukungu hupenda gundi na karatasi.

Na mchoraji naye ajilinde. Baadhi ya unga wa rangi una sumu. Usipulize vumbi kwa mdomo. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa. Funika pua unapofanya kazi ndani, usile wala kuvuta sigara ukiwa na chaki mkononi, na unawe kabla ya chakula.

Ikiwa yupo anayeona kwamba ulinzi huu umezidi, twamkumbusha mji wa Saint-Quentin, kwao de La Tour. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 mji huo ulishikwa na Wajerumani, na mwaka 1917 ulipokuwa karibu na mstari wa mapigano, makumi ya picha zake za pasteli zilihamishiwa Maubeuge, zikaonyeshwa hadharani huko. Mji ulipigwa mizinga, nyumba na kanisa kubwa zikaharibika. Picha zile za vumbi zilipona, zikarudi kwao. Wenye silaha ndio waliobomoa, na wenye silaha ndio waliobeba vumbi lile kwa uangalifu. Kila askari na achague ni kazi ipi angependa kukumbukwa kwayo.

MWISHO WA HABARI

Tuliporudi kambini tulimweleza koplo yaliyotokea. Hakusema neno. Alichukua karatasi ya rangi ya udongo, akaomba picha ndogo iliyokuwa katika faili la marehemu, akawaita wale waliolala naye chumba kimoja. Mmoja alisema nyusi ya kushoto ilikuwa juu kidogo kuliko ya kulia. Mwingine alikumbuka kovu dogo la kidevuni. Wa tatu, ambaye hakuwa mtu wa maneno mengi, alisema kwamba marehemu hakuwa akicheka kwa mdomo, alicheka kwa macho. Kwa Jumamosi tatu koplo aliweka rangi na kuziondoa, na watu wale walikaa nyuma yake wakimsahihisha, hata jioni moja wakanyamaza wote. Ndipo akaweka chaki chini.

Safari ya pili picha ilikuwa chini ya kioo, kati ya mbao mbili, nayo ililala magotini pa koplo mwenyewe kutoka kambini hadi mlangoni. Mama yule alipoifunua hakuuliza swali. Alitaja jina la mwanawe, akanyoosha kidole hadi karibu na kovu la kidevuni, kisha akakizuia kisiguse kioo, kana kwamba alikwisha kuambiwa kwamba vumbi lile laweza kutoweka.

Ndugu maaskari, sare zetu zimefanana na gwaride letu limefanana, na ndivyo itakiwavyo. Lakini nyumbani kila mmoja wetu hungojewa kwa uso wake. Mwenye chaki chache na karatasi yenye ukwaru aweza kuutunza uso huo, iwapo atajifunza kutazama kwanza na kugusa baadaye. Jumamosi ijayo, baada ya ukaguzi, mketishe mwenzako chini ya mti uanze.